"Next Friday" ni Ijumaa ipi hasa? Karibuni tulijadili neno hili la Kiingereza

#1 Kalamu ya Mwanzi (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Naleta neno dogo la Kiingereza ambalo kila mtu hudai kulifahamu mpaka siku linapomtia matatani, nalo ni "next" linapotangulia jina la siku. Tuseme leo ni Jumatatu, na umepokea ujumbe wa kikazi unaokuarifu kwamba kikao kitafanyika "next Friday". Je, ni Ijumaa ya wiki hii, yaani siku 4 kutoka leo, au ni ile ya wiki ya pili yake, yaani siku 11 kutoka leo? Nimewauliza watu wanaokitumia Kiingereza kila siku, nao wamegawanyika, na kila upande unaushangaa mwenzake. Mimi nasimamia hoja kwamba "next" ni kinachofuata, na Ijumaa inayofuata Jumatatu ni ile ya karibu. Hakuna Ijumaa nyingine iliyojificha katikati. Mwenye hoja tofauti aiweke hapa, ila asije na "mimi nimezoea hivyo" peke yake.

#2 Mzizi Mkavu

Naunga mkono, tena kwa ushahidi wa historia ya neno lenyewe. Zamani Waingereza walikuwa na "nigh" kwa maana ya karibu, "near" kwa maana ya karibu zaidi, na "next" kwa maana ya karibu kuliko vyote. Baadaye "near" likachukua nafasi ya "nigh", na watu wakasahau kwamba maneno hayo matatu yalikuwa ngazi za kivumishi kimoja. Maana hiyo ya kale bado i hai katika "next of kin", ambaye ni ndugu wa karibu kabisa, na katika "next door", ambao ni mlango unaopakana na wako. Wajerumani nao wana "nächste", neno la ukoo huo huo, ambalo mpaka leo linabeba maana zote mbili za karibu zaidi na kinachofuata. Kwa hiyo Ijumaa iliyo karibu kabisa ndiyo "next Friday", na kwa kweli mjadala ungeweza kuishia hapa.

#3 Mfasiri Mpole

Ahsante kwa historia, #2, lakini neno halifungwi na asili yake. Hilo "near" ulilolitaja limeshatoka katika ngazi yake ya kale na hakuna anayelilaumu. Iweje "next" lizuiwe? Jambo la kuangalia ni maneno linayoshindana nayo leo. Kiingereza kina "this Friday" kwa ajili ya Ijumaa ya karibu, na kwa kuwa nafasi hiyo imeshajazwa, "next Friday" limesukumwa hadi Ijumaa ya baada yake. Ndiyo maana mtu akisema "not this Friday, next Friday", anaeleweka papo hapo, hata na walio upande wa mleta uzi. Jaribuni kuisoma sentensi hiyo kwa maana ya #1 muone kama haitajipinga yenyewe.

Na kuhusu Wajerumani, shahidi wako amekugeuka. Wao nao hubishana kuhusu "nächsten Freitag" kama tunavyobishana hapa, na wanaotaka kukwepa utata huandika "kommenden Freitag", yaani Ijumaa inayokuja.

#4 Kengele ya Mchana

Mzizi Mkavu ameufunga mjadala katika mchango wa pili. Sijapata kuona uzi ulioishi maisha mafupi namna hiyo.

Nina maelezo tofauti kidogo na ya Mfasiri. Sidhani kwamba "next" limesukumwa na "this". Nadhani wazungumzaji wengi hulisikia neno "week" hata pale ambapo halijatamkwa: "this Friday" ni Ijumaa ya wiki hii, na "next Friday" ni Ijumaa ya wiki ijayo. Fungueni kalenda ya simu yoyote. Wiki ni mstari mmoja, tarehe ya leo imezungushiwa duara, na siku zilizobaki za mstari huo zinahesabika kuwa ziko mkononi tayari. Jicho linalotafuta "next" hushuka kwenye mstari wa chini kabla halijaenda kulia. Kwa hiyo hatuhesabu Ijumaa. Tunahesabu wiki, kisha ndani yake tunaichagua Ijumaa.

#5 Mwalimu wa Jioni

Maelezo ya #4 yananivutia, lakini yanaegemea jambo ambalo lenyewe lina mgogoro, nalo ni mwanzo wa wiki. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinaianza wiki Jumatatu, ilhali kalenda za Marekani kwa kawaida huanza na Jumapili. Sasa chukueni mtu anayeandika siku ya Jumapili kwamba tuonane "next Tuesday". Kwa anayeanza na Jumatatu, wiki ijayo inaanza kesho, hivyo Jumanne hiyo iko siku 2 mbele. Kwa anayeanza na Jumapili, wiki mpya imeshaanza asubuhi ya leo, hivyo Jumanne ya wiki ijayo iko siku 9 mbele. Watu wawili wanaotumia kanuni ile ile ya Kengele ya Mchana wanaweza kupishana kwa wiki nzima, na wote wakawa sahihi.

Sisi wenyewe tusijione tumesalimika. Majina yetu ya siku yana hesabu mbili: Jumamosi ni ya kwanza, na hesabu inaendelea hadi Jumatano, ambayo ni ya tano, kisha inakuja Alhamisi, jina lililotoka Kiarabu lenye maana ya tano vilevile, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana na tunaishi nazo bila ugomvi.

Nyongeza ndogo kwa wanaopenda mpangilio: katika kiwango hicho cha ISO wiki zina namba, na wiki ya 1 ni ile yenye tarehe 1 Januari.

#6 Namba Tupu

Hoja ni nzuri, Mwalimu, isipokuwa hiyo nyongeza haiko hivyo. Wiki ya 1 katika ISO 8601 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka, ambayo ni sawa na kusema wiki yenye tarehe 4 Januari. Tarehe 1 Januari inaweza kuangukia wiki ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Kwa mfano, tarehe 1 Januari 2027 ni Ijumaa, na kwa hesabu hiyo imo katika wiki ya 53 ya mwaka 2026.

Mtu anayeandikiana na ofisi zinazotumia namba za wiki anajua raha yake. Ukiambiwa "Ijumaa ya wiki ya 23" hakuna wa kumuuliza mwenzake maana, mradi nyote mnafuata kiwango kimoja.

#7 Mshika Ratiba

Nina kisa kinachoihusu hoja ya #5 moja kwa moja. Niliitwa kwenye usaili wa kazi kwa njia ya video, na ujumbe ulisema "next Wednesday". Uliandikwa Jumapili usiku, nami nikausoma Jumatatu asubuhi. Tazameni mtego wenyewe: siku iliyotumika kuandikia na siku iliyotumika kusomea ziko pande mbili za mpaka wa wiki, kwa hiyo hata kama mimi na mwandishi tungekuwa na kanuni moja kichwani, bado tungeweza kupata tarehe mbili. Niliingia Jumatano ya karibu, kwa kuwa ndiyo salama: anayewahi anaweza kurudi tena, anayechelewa hana la kufanya. Kioo kikanionyesha maandishi yale yale kwa muda mrefu, kwamba nisubiri mwenyeji aniruhusu kuingia, mpaka saa ya miadi ikapita.

Baadaye nilijibiwa kwa adabu kwamba walikusudia ya wiki ya pili. Kilichonifurahisha ni kwamba siku ya usaili mmoja wa wajumbe wa jopo lenyewe alisimulia kuwa naye aliitenga Jumatano ile ya kwanza.

#8 Hatua kwa Hatua

Wachangiaji wote mmeifanya leo kuwa Jumatatu au Jumapili. Badilisheni siku ya kuanzia, mtaona kwamba maana nayo inabadilika, na hapo ndipo maelezo ya #2, #3 na #4 yanapopungukiwa.

Leo ikiwa Alhamisi, hakuna Mwingereza atakayesema "next Friday" akikusudia kesho, kwa sababu kesho ina jina lake. Ikiwa Jumatano, bado watu wengi watasema "on Friday" tu, bila pambo lolote. Lakini ikiwa Jumamosi, Ijumaa ya karibu iko siku 6 mbele, na hapo wengi watakubali kuiita "next Friday" bila kusita. Kwa maoni yangu kinachoamua ni umbali. Siku iliyo jirani haihitaji kutambulishwa, na mtu anapoongeza neno ambalo halikuhitajika, msikilizaji anajiuliza limeongezwa kwa nini, kisha anahitimisha kwamba ni kwa sababu siku inayokusudiwa si ile ya jirani. Kadiri siku inavyosogea kwenye umbali wa wiki nzima, ndivyo mashaka yanavyopungua. Ugomvi umejaa katikati, kati ya siku 3 na 5 hivi, na mleta uzi ametuchagulia siku 4, mahali penye vumbi jingi kuliko pote.

#9 Kalamu ya Mwanzi (mleta uzi)

Shukrani kwa michango. #8 ametoa hoja ya maana, ingawa kanuni inayobadilika kila siku ya wiki inanipa shida kuiita kanuni. Itabidi tumkabidhi kila mgeni wa Kiingereza jedwali la kubeba mfukoni.

Kwa #3: sentensi yako ya "not this Friday, next Friday" haithibitishi unachotaka. Mzungumzaji ameshaitoa Ijumaa ya karibu kwa kuikana, hivyo inayofuata baada ya kuondolewa hiyo ni lazima iwe ya pili. Maana imeletwa na ukanushi. "Next" limebaki vile vile.

Nina swali kwenu wote. Mbona hakuna anayebishania "next week", "next month" na "next year"?

#10 Mfasiri Mpole

Jibu langu kwa #9 ni kwamba wiki, mwezi na mwaka ni vyumba ambavyo tayari tumo ndani yake. Ukiwa ndani ya chumba, "this" ni hicho ulichomo na "next" ni cha pili yake, hakuna cha tatu cha kugombaniwa. Ijumaa haina sifa hiyo siku ya Jumatatu: hatumo ndani yake, tunaiona kwa mbali tu. Ndiyo maana hata "next Monday" likitamkwa siku ya Jumatatu halileti ubishi. Leo ni Jumatatu, kwa hiyo inayofuata iko siku 7 mbele.

Mkitaka ushahidi zaidi, jaribuni majina ya miezi. Mwezi Machi mwulizeni mtu "next June" ni Juni ipi. Wapo watakaosema ni Juni ya mwaka huu huu, na wapo watakaosema ni ya mwaka ujao, kwa sababu ya mwaka huu wangeiita "this June". Ugonjwa ni ule ule, tofauti ni kwamba gharama ya kukosana hapo ni mwaka mzima.

#11 Barua za Kale

Naomba niwakumbushe kwamba Waingereza waliwahi kuwa na dawa, angalau katika barua za biashara. Makarani wa zamani waliandika "15th inst." kwa tarehe 15 ya mwezi huu, "15th ult." kwa tarehe 15 ya mwezi uliopita, na "15th prox." kwa tarehe 15 ya mwezi ujao. Vyote ni vifupisho vya Kilatini, na Mzizi Mkavu atafurahi kusikia kwamba hilo la mwisho, "proximo", linatokana na neno lenye maana ya karibu kabisa. Hata hivyo hakuna karani aliyelitumia kwa mwezi aliokuwamo.

Kwa upande wa siku, Uingereza bado wapo wanaosema "Friday week", yaani Ijumaa ya karibu ukiongeza wiki moja. Wafaransa wana "vendredi en huit" kwa maana hiyo hiyo, wakihesabu siku 8 kwa kuijumuisha ile wanayoanzia. Kwa mtindo huo wiki mbili kwao ni siku 15, huku Waingereza wakizihesabu kwa usiku 14 na kuziita "fortnight". Huko Scotland kuna usemi wa "Friday first" kwa Ijumaa iliyo karibu. Maneno ya kukata shauri yapo. Watu hawataki kuyatumia.

#12 Mzururaji

Mimi naona jambo ni jepesi. Waingereza wanakusudia Ijumaa ya wiki ya pili, Wamarekani wanakusudia ya karibu. Muulize mwandishi anatoka nchi gani, umemaliza.

#13 Mwalimu wa Jioni

Ingekuwa raha, #12, lakini sivyo ilivyo. Mgawanyiko huu umo ndani ya kila nchi inayozungumza Kiingereza, wakati mwingine ndani ya nyumba moja, na kamusi kubwa za Kiingereza zinazitambua maana zote mbili. Tofauti ya kweli unayoweza kuitegemea kati ya nchi hizo mbili ni ya msamiati: "fortnight" na "Friday week" ni maneno ya kawaida Uingereza, ilhali Wamarekani wengi hawayatumii.

#14 Mwanafunzi wa Akili

Kuna utafiti mashuhuri unaokaribiana sana na mada hii. Mwaka 1998 McGlone na Harding walichapisha kazi kuhusu sentensi isemayo kwamba kikao cha Jumatano kimesogezwa "forward" siku 2. Je, sasa ni Jumatatu au Ijumaa? Wasomaji hugawanyika. Anayejiona yeye ndiye anayetembea kuuelekea wakati ujao husema Ijumaa, kwa sababu mbele ni kule anakokwenda. Anayeuona wakati ndio unaomjia husema Jumatatu, kwa sababu mbele ya kitu kinachokujia ni upande ulio karibu nawe. Boroditsky na Ramscar, katika kazi yao ya 2002, waliwauliza watu uwanja wa ndege wakaona kwamba waliotoka kusafiri au waliokuwa karibu kusafiri walielekea zaidi kusema Ijumaa kuliko waliokuja kumpokea mtu.

Nadhani "next" nalo lina picha hizo mbili. Anayetembea huzipita Ijumaa moja baada ya nyingine na kuihesabu ile ya kwanza kuwa iko mkononi. Anayesubiri huipokea ya kwanza inayofika.

#15 Kengele ya Mchana

Utafiti ni mzuri lakini unahusu "forward", na sioni daraja la kutoka hapo hadi "next" zaidi ya hilo ulilolijenga wewe mwenyewe katika aya ya mwisho. Picha ya anayetembea ingetosha kuelezea "next stop" ndani ya treni, na hapo hakuna abiria anayefikiria kituo cha pili... ingawa wapo wanaouliza "this stop or next?", basi nisiseme sana.

Kuhusu kusogeza: sisi tukisema kikao kimesogezwa mbele, wengi huelewa kwamba kimeahirishwa. Mwingereza akisema "brought forward" anakusudia kwamba kimewahishwa. Anayetafsiri neno kwa neno hapo atawaleta watu ukumbini kikao kikiwa kimekwisha.

#16 Kamusi Mkononi

Kwa kuwa Kiswahili kimeguswa, niseme kwamba "Ijumaa ijayo" haituponyi. Kitenzi ni kuja, na Ijumaa ya wiki hii nayo inakuja, kwa hiyo mtu yeyote mwenye nia ya kubisha ana pa kushikia. "Ijumaa hii" na "Ijumaa ya wiki ijayo" ndizo zinazopunguza mashaka, isipokuwa siku za mpakani alizozieleza #5. Kwa siku za karibu, lugha yetu iliwahi kujitosheleza: kesho, kesho kutwa, mtondogoo, kisha mtondo. Leo ikiwa Jumatatu, Ijumaa ni mtondo, na hakuna wa kuuliza ni ipi.

#17 Namba Tupu

Umepindua mpangilio, #16. Baada ya kesho kutwa huja mtondo, na mtondogoo ni ya baada yake. Kwa hiyo kutoka Jumatatu, Ijumaa ni mtondogoo. Maneno ya kukata shauri nayo yanahitaji kukumbukwa vizuri.

#18 Mfasiri Mpole

Katika mikataba ninayoitafsiri siligusi "next" kabisa. Namwandikia mteja kuuliza tarehe, kisha naandika siku na tarehe pamoja, kwa mfano Ijumaa, tarehe 12 Juni 2026, ili kimoja kikikosewa kingine kimshtue msomaji. Wapo wateja wanaokasirika kwa kuulizwa jambo wanaloliona dhahiri. Wakiuliza wenzao ofisini, hasira huisha.

#19 Mzizi Mkavu

Mmenishambulia vya kutosha, nami bado nipo. Hebu tugeuze upande: "last" nalo lilikuwa kilele cha "late", kama "next" lilivyokuwa kilele cha "nigh". "Last Friday" ni Ijumaa iliyochelewa kupita kuliko zote, yaani ya karibuni zaidi. Leo ikiwa Jumatatu, wote mtakubali kwamba ni ile iliyopita siku 3 nyuma, bila hadithi za mistari ya kalenda. Kwa nini kanuni ikubalike nyuma na kukataliwa mbele?

#20 Hatua kwa Hatua

Kwa sababu umetuchagulia Jumatatu tena. Siku ya Jumatatu, Ijumaa ya karibuni imo katika wiki iliyopita, kwa hiyo kanuni yako na ya Kengele ya Mchana zinatoa jibu moja na hakuna cha kubishania. Uliza swali hilo hilo siku ya Jumapili, kwa mtu anayeianza wiki Jumatatu, kuhusu "last Wednesday". Iko siku 4 nyuma, ndani ya wiki ambayo bado haijaisha, na utawapata wanaosema kwamba hiyo ni "this Wednesday" au "this past Wednesday", na kwamba "last Wednesday" ni ile iliyopita siku 11.